Mapatano na Damu: Juu ya Sinema ya "Lindo la Usiku"

Mwaka 1342, juu ya daraja jembamba la mawe, majeshi mawili yakutana na hakuna lililo tayari kulipisha jingine. Upande mmoja wasimama watu wa Nuru chini ya Geser. Upande wa pili watu wa Giza chini ya Zavulon. Damu yamwagika, hata Geser atambua ya kuwa nguvu za pande mbili ni sawasawa, na kwamba mapigano yakiendelea hatasalia mtu. Hapo asimamisha vita kwa uwezo wake, na mapatano yafanywa. Tangu siku hiyo Nuru yaweka lindo la usiku kuwachunga wa Giza, na Giza yaweka lindo la mchana kuwachunga wa Nuru. Ndivyo ianzavyo sinema ya Kirusi iitwayo Nochnoi Dozor, yaani Lindo la Usiku, iliyotoka mwaka 2004 chini ya uongozi wa Timur Bekmambetov, mzaliwa wa Kazakhstan, ikiwa imetokana na riwaya ya Sergei Lukyanenko ya mwaka 1998.

Sinema hii ilitengenezwa kwa dola zipatazo milioni 4, nayo ikavuna dola milioni 16 hivi katika Urusi peke yake. Kwa sababu hiyo imezungumzwa sana kama bidhaa na kidogo kama kisa. Wengine wameiona kuwa ni mchezo wa wanyonya damu na wasihiri, wa kuwafurahisha vijana kwa panga na kelele. Hukumu hiyo ina haki kwa sehemu. Picha zakatwa kwa haraka mno, muziki wapiga pasipo haja, na matangazo ya biashara yamepenyezwa katikati ya maafa bila haya. Walakini chini ya kelele hizo mna jambo zito, nalo lataka kuangaliwa kwa utulivu.

Jambo lenyewe ni kibali. Katika mapatano ya Geser na Zavulon, mnyonya damu hakukatazwa kunywa damu ya mtu. Alikatazwa kunywa bila ruhusa. Na ruhusa hiyo hutolewa na nani? Hutolewa na Nuru. Ofisi ya wema ndiyo itiayo sahihi mauti ya raia asiyejua kitu, ili amani ya wakubwa isivunjike. Bekmambetov ameiweka ofisi hiyo mahali pafaapo kabisa: lindo la Nuru limejificha ndani ya shirika la umeme la mji wa Moscow, na walinzi wake huzunguka usiku kwa lori la manjano la mafundi wa taa. Geser naye hana joho wala fimbo; ni mkubwa wa idara mwenye suti, nyuma ya meza. Aliyemwigiza ni Vladimir Menshov, ambaye mwenyewe alikuwa mwongozaji mashuhuri wa zama za Kisovyeti, na sinema yake ya mwaka 1980, Moscow Haiyaamini Machozi, ilipata tuzo ya Oscar. Mtazamaji wa Kirusi aliyemwona Menshov mezani hakuhitaji kuelezwa ni mamlaka ya namna gani yaliyokaa pale.

Hapa neno moja la lugha halina budi kusemwa. Kiswahili chapata taabu kuwataja watu hawa. Neno mchawi limekwisha kubeba hukumu ndani yake, na mganga limebeba tiba. Geser si huyu wala si yule, na jina msihiri ambalo latumika humu ni la kuazimia tu. Mnyonya damu ni rahisi zaidi, kwa kuwa mwambao na bara wamjua mumiani. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu alichokitoa mwaka 2000, alikusanya masimulizi ya Afrika ya Mashariki ya siku za ukoloni, na mengi yalisema ya kuwa watu wa zimamoto ndio wakamatao watu usiku na kuwatoa damu. Kwa hiyo gari la serikali lipitalo gizani likiwa na siri ndani yake si picha ngeni kwa msomaji wa Kiswahili. Tofauti iliyopo ni kubwa, nayo yafichua kasoro ya Lindo la Usiku. Masimulizi ya mumiani yalisemwa na wale waliohofia kutolewa damu. Kisa cha Moscow chasimuliwa na wale watoao vibali. Katika sinema nzima hakuna hata mmoja aliyeliwa kwa kibali halali apewaye jina, nyumba na jamaa wa kumlilia. Mtazamaji aambiwa kwamba vibali vipo, kisha apitishwa haraka.

Ila mtu mmoja hapitishwi haraka, naye ni Anton Gorodetsky, aliyeigizwa na Konstantin Khabensky kwa uso wa mtu asiyepata usingizi. Mwaka 1992 Anton, ambaye mkewe amemwacha, aenda kwa bibi mmoja mchawi aitwaye Darya kuomba mke arudishwe. Bibi amwambia ya kuwa mke ana mimba ya mwanamume mwingine, na kwamba mimba hiyo sharti iharibike. Je, yu tayari kuichukua dhambi hiyo? Anton akubali. Bibi ainua viganja vyake, kwani vikigongana mtoto atakufa. Kabla havijagongana, watu wa lindo wamrukia. Chumba ni kidogo, vyombo ni vya jikoni, bibi asema kwa upole kama auzaye maziwa; hapana picha nyingine katika sinema hii yenye kutisha kuliko hiyo. Na la kutisha zaidi ni kwamba lindo lilikuwamo chumbani tangu mwanzo, limejificha, likingoja kosa litimie ili mkosaji akamatwe kwa ushahidi. Wangaliweza kumzuia Anton mlangoni. Hawakumzuia, maana sheria haikamati nia.

Miaka 12 yapita. Anton sasa ni mlinzi wa Nuru, na kazi yake ni kuwawinda wanyonya damu walao bila kibali. Ili aweze kuwanusa hana budi kunywa damu mwenyewe, nayo ainunua kwa jirani yake, mnyonya damu mtulivu aliye mwuza nyama. Mwigizaji Valeri Zolotukhin amempa mzee huyo heshima kubwa, hata mtazamaji ajiona akimhurumia kuliko walinzi. Usiku mmoja Anton atumwa kumwokoa mtoto aitwaye Yegor, anayeitwa kwa sauti ya mbali na mnyonya damu wa kike. Katika nakala iliyopelekwa nchi za nje, wakati Yegor yumo katika bwawa la kuogelea, maandishi ya tafsiri yatokea kwa rangi nyekundu kisha yayeyuka majini kama damu itokayo puani mwake. Wenye kazi ya kufasiri wapasa kulitazama sana jambo hili. Tafsiri ya chini ya picha kwa kawaida hujificha. Hapa imepewa mwili, na mtoto aitwa kwa herufi zilezile asomazo mtazamaji.

Katikati ya kisa mna habari ya Svetlana, daktari ambaye juu ya kichwa chake laana imefanya kimbunga kiwezacho kuangamiza mji. Kunguru wazunguka, ndege yapata hitilafu angani, na ribiti iliyobanduka humo yadondoka hata ndani ya kikombe cha kahawa. Picha hiyo ya ribiti ni ya werevu. Lakini yaliyobaki ya sehemu hii ni mzigo. Yafaa kwa jambo moja tu, nalo ni kugundua kwamba aliyemlaani Svetlana ni Svetlana mwenyewe, kwa majuto. Mtu aweza kuwa mshitaki wake mwenyewe, na hiyo ndiyo kesi ingojayo Anton.

Kwani Yegor ni mwana wa Anton. Yule aliyekuwa tumboni mwaka 1992 hakuwa wa mwanamume mwingine. Katika riwaya ya Lukyanenko undugu huo haumo; umetiwa na watengenezaji wa sinema, na wapenzi wa kitabu wengi wamelalamika. Malalamiko hayo hayana nguvu. Katika kitabu Anton ajadiliana na nafsi yake juu ya wema na uovu kwa kurasa nyingi. Sinema haiwezi kujadiliana hivyo, ikambidi mtu mmoja asimame mbele yake na kuuliza. Juu ya paa, Zavulon achomoa uti wa mgongo wake mwenyewe na kuufanya upanga, na mtazamaji ategemea ya kuwa upanga huo ndio utakaoamua. Haukuamua kitu. Kilichoamua ni habari ya kosa la zamani: Yegor aambiwa baba yake alilolitaka kabla yeye hajazaliwa, naye achagua Giza. Zavulon hakusema uongo. Nuru yashindwa kwa kweli ambayo iliijua siku zote, kwa kuwa ilikuwamo chumbani.

Laiti ingaliishia hapo. Sinema ya pili, Dnevnoi Dozor, yaani Lindo la Mchana, ilitoka Januari 1, 2006, nayo yaleta chaki ya majaaliwa, ambayo aandikaye kwayo aweza kugeuza yaliyopita. Baada ya mji kubomoka kwa fahari kubwa, Anton afika katika magofu ya nyumba ya bibi Darya na kuandika ukutani neno moja, La. Wakati warudi 1992, Anton amkatalia bibi, na yote yawa kama hayakuwa. Watazamaji wengi walifurahi. Lakini Anton wa sinema ya kwanza alistahili uzito wake kwa sababu kosa lake halikuwa na dawa, na Yegor alistahili hasira yake kwa sababu alikuwa mtoto wa kweli aliyeambiwa jambo la kweli. Chaki imewafutia wote wawili. Mapatano nayo hayakuguswa: vibali vyaendelea kutolewa, na lori la manjano laendelea kupita.