Kiu Inayouzalisha Mlimau

Mlimau wa uani unaomwagiliwa kila jioni mara nyingi hupendeza macho tu, kikapu kikabaki kitupu. Majani yanang'aa, machipukizi hayakatiki, lakini maua ni ya kuhesabu. Mwenye mti huongeza maji na samadi, mti nao humjibu kwa majani zaidi. Wakulima wa Sicily, kisiwa cha kusini mwa Italia, hufanya kinyume chake: huunyima maji mti wenye afya, kwa makusudi, mpaka unyauke. Hesabu yao inafaa kuchambuliwa na kila mwenye mlimau nyumbani.

Sicily hulimwa sana aina iitwayo Femminello, ambayo huchanua zaidi ya mara moja kwa mwaka. Maua yake makuu hutoka baridi inapokwisha, na matunda ya maua hayo huvunwa kuanzia vuli hadi majira ya baridi. Tatizo ni soko. Limau hutafutwa zaidi wakati wa joto, nao ndio wakati ambao miti imekwisha kuvunwa. Mkulima akaamua kuuhamisha msimu. Mwezi Juni hufunga maji. Kiangazi cha huko hakina mvua ya kutegemea, kwa hiyo udongo hukauka kweli. Majani yakishalegea na kujikunja, kuelekea mwisho wa Julai, hufungulia maji kwa wingi na kutia mbolea ya naitrojeni. Agosti na Septemba mti huvaa maua mapya, na matunda yake huwa tayari kiangazi cha mwaka unaofuata, bei ikiwa nzuri. Malimau hayo huitwa verdelli.

Siri ya mbinu hii ni kwamba ua la mlimau hupita hatua mbili, na kila hatua ina sharti lake. Kwanza, jicho lililo kwenye kwapa la jani linapaswa kuamua litakuwa ua au tawi. Katika nchi zenye majira ya baridi, uamuzi huo huletwa na ubaridi. Katika nchi za joto huletwa na ukame, kwa kuwa ukuaji wa majani husimama. Pili, jicho lililokwisha kuamua haliwezi kufunguka bila maji. Kwa hiyo kiu huandaa ua, na maji hulifungua. Anayemwagilia kidogo kidogo kila siku huiondoa hatua ya kwanza. Mti wake haupati sababu ya kuacha kutoa majani. Anayeuacha mti mkavu moja kwa moja huikosa hatua ya pili.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1986, watafiti Southwick na Davenport wa Chuo Kikuu cha Florida walichapisha matokeo ya majaribio yao juu ya ndimu ya Tahiti, jamaa wa karibu wa limau, iliyopandwa kwenye vyombo. Wiki 2 za kiu kali zilitosha kuamsha maua, na kiu ilipoendelea zaidi, maua yaliongezeka.

Kwa mkazi wa pwani ya Tanzania na Kenya, nusu ya kazi hufanywa na majira yenyewe. Kuna ukavu wa kaskazi, Januari na Februari, kabla ya masika. Na kuna ukavu wa kipupwe, katikati ya mwaka, kabla ya mvua za vuli. Mlimau usioguswa na mpira wa maji huchanua mvua zinapoanza. Mpira ndio unaoharibu mpango huo. Nyanda za juu kama Lushoto au Limuru, ubaridi wa Juni na Julai nao husaidia, kwa hiyo mti hauhitaji kiu kali.

Utaratibu wa nyumbani ni huu. Chagua kipindi kimoja tu cha ukavu kwa mwaka. Vuna kwanza matunda yaliyokomaa, na ujue kwamba mengi ya yale machanga yataanguka. Hiyo ndiyo gharama ya kuhamisha msimu. Ondoa matandazo ili udongo ukauke, kisha funga maji. Mchanga wa pwani hukauka upesi, mara nyingi wiki 2 hadi 3 zinatosha. Udongo wa mfinyanzi huchukua muda mrefu zaidi. Usifuate kalenda, fuata jani. Jani linalojikunja saa 7 mchana na kunyooka jioni bado halijafika. Likiamka asubuhi likiwa limejikunja, kiu imetosha. Ukingoja mpaka majani yapukutike umepitiliza, maana majani hayohayo ndiyo yatakayolisha matunda.

Siku ya kufungulia, mwagilia mpaka maji yazame ndani kabisa ya udongo. Chimba kisahani kwenye kivuli cha matawi, si kwenye shina, kwa sababu shina linalolowa kila mara hushikwa na ugonjwa wa kuoza na kutoa gundi. Tia samadi iliyooza au mbolea ya CAN kidogo, rudisha matandazo, na tangu hapo usiruhusu ukavu mwingine. Baada ya wiki chache utaona vitumba vyenye rangi ya zambarau. Usishtuke maua mengi yakianguka. Mlimau hutoa maua mengi ya kiume yasiyoweza kuwa tunda, na hata katika yale mengine ni machache yanayoshika.

Mbinu hii ina mipaka. Mche uliotoka kwenye mbegu unaweza kuchukua miaka 5 au zaidi kabla ya kukomaa, na kabla ya hapo kiu haitaufanya uchanue, utaumia bure. Mche uliobebeshwa huanza kuzaa mapema, lakini nao uachwe kwanza ujenge mizizi. Ukague pia chini ya kiungo cha kubebeshea. Machipukizi yanayotoka hapo ni ya shina lililobeba, na yakiachwa humeza mti mzima. Mti wenye ugonjwa, au ulio ndani ya ndoo, usiadhibiwe. Ndoo hukauka kwa siku chache na huna nafasi ya kurekebisha.

Katika joto la pwani, ua huchukua miezi 7 hadi 9 hivi kuwa tunda la kuvunwa. Aliyefunga maji Januari na kuona maua Machi au Aprili atavuna kuanzia Novemba, joto la kaskazi linapoingia. Usingoje rangi ya njano. Ganda la limau hupoteza kijani usiku ukiwa na ubaridi. Ndiyo maana verdelli huvunwa yakiwa kijani, na malimau ya pwani yetu pia hukomaa yakiwa kijani. California, wachumaji hupima kwa pete: tunda lisilopita kwenye pete ya milimita 57 hivi limefikia kukatwa. Nyumbani pima ukubwa, ulaini wa ganda na maji yanayotoka ukikamua moja.

Kata kwa mkasi, usivute, kwani kuvuta huchana ganda na ukungu hupitia hapo. Kata kwanza ukiacha kikonyo, kisha kipunguze kabisa kisichome malimau mengine. Usivune asubuhi yenye umande wala baada ya mvua: ganda lililojaa maji hupasua vifuko vyake vya mafuta kwa kuguswa tu, likabaki na madoa. Limau likishakatwa haliendelei kuiva, ila likikaa siku kadhaa kivulini ganda hupungua unene na kukamua huwa rahisi.

Mwenye mti mmoja uani hahitaji ukali wote wa Sicily. Yeye hana soko la kuliwahi. Kwake inatosha kuuacha ukavu wa majira ufanye kazi yake, na kuweka maji kwa ajili ya miezi ambayo matunda yapo mtini.