Bandari, Mlango au Tundu? Uhakiki wa Istilahi za Ruta ya Nyumbani

UTANGULIZI

Istilahi hupimwa kazini. Neno laweza kuwapendeza wajumbe wa kikao cha usanifishaji, likasifiwa na wahariri na kuchapishwa katika orodha, lakini thamani yake haijulikani mpaka mtu asiyekuwapo kikaoni alisome peke yake, kisha anyoshe mkono na kutenda. Akitenda lililokusudiwa, istilahi imefaulu. Akitenda jingine, hatuna budi kuuliza kosa ni la nani.

Makala haya yanahakiki istilahi zilizotumika katika kijitabu kimoja cha maelezo ya Kiswahili kinachoambatana na ruta za nyumbani. Jina la mtengenezaji hatulitaji, kwa sababu maneno hayo hayo yamekwisha kuenea katika tafsiri nyingine. Tumechagua sehemu moja tu, yaani ile inayomwongoza msomaji kutafuta hitilafu anaposhindwa kusikiliza, akiwa mbali, muziki uliohifadhiwa katika kompyuta iliyo nyumbani kwake. Huenda baadhi ya wasomaji wakaliona jambo hili kuwa la anasa. Lakini hatua zinazofuatwa hapo ndizo afuatazo mkuu wa shule atakaye walimu wafikie maktaba ya shule wakiwa majumbani, na ndizo afuatazo mtumishi atakaye kufikia kumbukumbu za ofisi akiwa safarini. Aidha, hatua moja ikieleweka vibaya, nyumba nzima huachwa wazi kwa wapita njia. Kwa hiyo suala hili ni la usalama kama lilivyo la lugha.

JAMBO LENYEWE

Tuchukue mfano wa mtu wa Tanga aliyehamishia kanda zake za taarabu katika kompyuta. Ndani ya kompyuta hiyo ameweka programu ya Navidrome, ambayo kwa kawaida hupokea maombi kwa namba 4533. (Angetumia Jellyfin, namba ingekuwa 8096.) Akiwa nyumbani, simu yake huipata programu bila taabu. Akifika Dodoma, haipati.

Sababu ni hii. Anwani za intaneti za toleo la nne ni kiasi cha bilioni 4.3 tu, nazo hazivitoshi vyombo vyote vya dunia. Kwa hiyo vyombo vyote vya nyumba moja hutoka nje kwa anwani moja, na ruta ndiyo inayobadilisha anwani hizo na kukumbuka ni nani aliyeomba nini. Jibu likirejea, ruta hujua la kumpelekea. Lakini ombi likitoka nje bila kutanguliwa na ombi la ndani, ruta haijui ni la nani, nayo hulitupa. Ili isilitupe, mwenye nyumba huiachia agizo: kila kitakachofika kwa namba 4533, kipelekwe kwa kompyuta yenye anwani 192.168.1.20. Agizo hilo ndilo kiini cha sehemu tunayoihakiki, na hapo ndipo kijitabu kinapojikwaa.

1. «Bandari»

Mfasiri ameiita namba hiyo «bandari». Chanzo cha kosa ni rahisi kukiona. Katika Kiingereza, umbo moja la neno limebeba maana mbili zenye asili mbili za Kilatini: moja ni bandari ya vyombo vya majini, nyingine ni lango. Mfasiri amefungua kamusi, akachukua maana ya kwanza, akafunga.

Ubaya si kwamba picha ya bandari haipendezi. Ubaya ni kwamba haifanyi kazi. Bandari ni mahali pakubwa, nayo huwa moja katika mji. Namba tunazozizungumzia huanzia 0 hadi 65535 katika kila anwani moja. Msomaji wetu wa Pwani, aliyeiona bandari kwa macho yake, hawezi kufikiri kuwa kompyuta yake ina bandari elfu sitini na tano na ushei.

Kijitabu hakikuishia hapo. Neno hilo hilo kimelitumia kwa matundu yaliyo nyuma ya ruta, yanamochomekwa nyaya. Basi msomaji anapoambiwa akague kama bandari imefunguliwa, huigeuza ruta na kuanza kuchomoa nyaya. Hakukosea, ametii alichoambiwa.

Kiswahili kina maneno ya kutosha kutenganisha mambo haya. Kinachochomekewa waya ni tundu. Namba inayopokea maombi ni mlango. Njia kuu ya kutokea mtandao wa ndani kwenda nje, ambayo kwa nyumba nyingi ndiyo ruta yenyewe, ni lango. Tofauti ya mlango na lango imo katika ngeli zetu tangu zamani, na kila mwenye ua anaijua: lango ni moja na kubwa, milango ni mingi nayo imo ndani. Desturi ya ukuzaji wa istilahi hututaka tutafute kwanza ndani ya Kiswahili kabla ya kubisha hodi kwa jirani. Hapa hatuna haja hata ya kuinuka kitini.

2. «Kusogeza bandari mbele»

Katika kichwa cha sehemu hiyo, agizo tulilolieleza linaitwa «kusogeza bandari mbele». Hakuna kinachosogezwa mbele. Mlango unabaki pale pale. Kinachopelekwa ni ujumbe uliofika mlangoni. Baadhi ya wenzetu hupendekeza «uelekezaji wa mlango», nao umekaribia, ila kiunganishi cha -a kinautia utata, kwani waweza kueleweka kuwa mlango ndio unaoelekezwa.

Tunapendekeza uelekezaji mlangoni. Kiambishi -ni kinataja mahali kitendo kinapofanyika, na kinauacha wazi mtendwa, ambaye ni ujumbe. Hii ni nguvu ya sarufi yetu ambayo Kiingereza hakina, na si vema kuiacha kwa ajili ya kufuata mpangilio wa lugha nyingine. Mwalimu naye atapata picha nyepesi ya kufundishia: ruta ni bawabu, na uelekezaji mlangoni ni agizo aliloachiwa bawabu na mwenye nyumba.

3. «Anwani ya binafsi» na «anwani ya umma»

Jozi hii imezoeleka, na kwa sababu hiyo tunaigusa kwa tahadhari. Hata hivyo ina hitilafu mbili.

Kwanza, neno «binafsi» humfanya msomaji aamini kwamba anwani 192.168.1.20 ni yake peke yake duniani. Kinyume chake ndicho kilicho kweli. Mafungu matatu ya anwani, yanayoanza kwa 10, kwa 172.16 hadi 172.31, na kwa 192.168, yalitengwa ili kila nyumba na kila ofisi iyatumie kwa ndani, na anwani moja yaweza kuwamo katika nyumba zisizo na idadi. Ndiyo maana mtu wetu akiiandika katika simu yake akiwa Dodoma hafiki popote. Anwani ya ndani ni jina la kweli zaidi, kwani linamwonya kwamba haivuki lango.

Pili, jozi ina maneno mawili, ilhali mambo ni matatu. Ipo anwani ya ndani ya kompyuta. Ipo anwani ambayo ruta imepewa na mtoa huduma kwa upande wake wa nje. Tena ipo anwani ambayo dunia inaiona. Zamani hizi mbili za mwisho zilikuwa kitu kimoja kwa nyumba nyingi. Sivyo ilivyo leo, maana watoa huduma wengi, hasa wa mitandao ya simu, nao huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Mwaka 2012 fungu maalumu, kutoka 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255, lilitengwa kwa kazi hiyo.

Tunapendekeza basi anwani ya ndani, anwani ya nje ya ruta, na anwani ya hadhara. Faida yake si ya unadhifu tu. Msomaji akilinganisha anwani ya nje ya ruta na anwani ya hadhara na kuona hazifanani, atajua kwamba mbele ya bawabu wake kuna bawabu mwingine asiyempokea amri. Katika hali hiyo, uelekezaji mlangoni hautafaa hata ukirudiwa mara mia. Dawa ni kumwomba mtoa huduma anwani ya hadhara, au kutumia njia nyingine inayoanzia ndani kwenda nje. Kijitabu, kwa kuwa hakina neno la tatu, kinamwacha mtu huyu akijilaumu usiku kucha kwa kosa lisilo lake.

4. «Ukuta wa moto» na «eneo lisilo na majeshi»

«Ukuta wa moto» ni ukuta unaowaka. Katika ujenzi, neno la Kiingereza lina maana ya ukuta unaozuia moto usipite. Tafsiri imegeuza kinga kuwa hatari. Neno ngome, ambalo limekwisha kutumiwa na baadhi ya watafsiri, linatosha. Ni fupi, lina wingi wake, na msomaji wa Mombasa au Unguja hahitaji kuelezwa ngome ni nini.

Neno la pili ni zito zaidi, na ndilo lililotusukuma kuandika makala haya. Ruta nyingi zina kitufe ambacho jina lake la asili limeazimwa kutoka katika mikataba ya kusimamisha vita. Kijitabu kimelifasiri neno kwa neno: «eneo lisilo na majeshi». Msomaji wa kawaida, akisikia mahali pasipo na majeshi, hufikiri amani. Kumbe kazi ya kitufe hicho katika ruta ya nyumbani ni kupeleka kwa kompyuta moja kila ombi linalotoka nje ambalo halina agizo jingine, kwa milango yote. Mtu aliyechoshwa na kushindwa hukibonyeza, muziki ukaanza kusikika, naye akalala akiamini amemaliza kazi.

Hapa tafsiri sahihi ya maneno imezaa maelezo ya uongo. Tunapendekeza chombo kilicho wazi. Tunakiri kwamba haina uzuri wowote, lakini hakuna atakayeichagua bila kujiuliza.

5. «Utiririshaji»

Utiririshaji ni istilahi njema, nayo imekwisha kukubalika. Kasoro iko katika kitenzi chake. Kijitabu kinasema seva «inatiririsha» muziki, na ukurasa wa pili kinasema msikilizaji «anatiririsha» muziki. Kutiririsha ni kusababisha kitu kitiririke. Mwenye mfereji hutiririsha, mwenye ndoo hukinga. Basi seva hutiririsha, na msikilizaji hupokea.

Tofauti hii ina matokeo katika kutafuta hitilafu. Nyumbani kwa mtu wetu ndiko muziki unakotoka. Kwa hiyo kasi inayohusika ni ile ya kutuma, ambayo kwa nyumba nyingi ni ndogo kuliko ya kupokea. Muziki wa ubora wa diski, usiobanwa, huhitaji kilobiti 1,411 kwa sekunde. Uliobanwa kwa kiwango cha juu cha MP3 huhitaji 320. Nyumba inayotuma megabiti moja haiwezi kumtosheleza hata msikilizaji mmoja wa ubora wa kwanza. Kijitabu kinamwambia apime kasi ya «kupakua», naye anapima ya kupokea na kuiona ni nzuri. Kwa kuwa kupakua na kupakia hutofautiana kwa irabu moja tu, tunapendelea kasi ya kutuma na kasi ya kupokea.

KIPIMO

Tuziweke istilahi hizi kazini. Hakikisha kwanza kwamba muziki unasikika kwa anwani ya ndani na mlango 4533. Ipe kompyuta anwani ya ndani ya kudumu, isije kesho ikawa 192.168.1.23 na bawabu akaelekeza kwenye chumba kitupu. Andika uelekezaji mlangoni, kisha ruhusu mlango huo katika ngome ya kompyuta. Linganisha anwani ya nje ya ruta na anwani ya hadhara. Jaribu ukiwa nje kweli, kwa mtandao wa simu, kwani ruta nyingine hazimkubali mtu wa ndani anayejifanya mgeni. Ukisikika kwa kukatika, pima kasi ya kutuma. Usikifanye chombo chochote kuwa wazi.

Ndugu msomaji ataona kwamba aya hii haikuhitaji neno hata moja la kuelezwa pembeni.

HITIMISHO

Mapendekezo haya si istilahi sanifu mpaka yajadiliwe na kupitishwa. Twawaomba watafsiri wayajaribu katika kazi zao, walimu wayapeleke darasani, na watumishi wa ofisi watueleze ni yapi yaliyowapoteza. Tunachosisitiza ni kanuni: anayefasiri maelezo ya mtambo aujue kwanza mtambo, kisha afasiri kazi ya kitu kabla ya jina lake. Makosa ya riwaya humchosha msomaji. Makosa ya maelezo ya mtambo humfungulia mwizi mlango.