Shule za Mji Mdogo Zalinganishwa Vipi?

Katika miji yetu midogo shule za msingi za umma hulinganishwa kwa kipimo kimoja: ufaulu wa darasa la saba. Tangu matokeo ya mwaka 2022 Baraza la Mitihani halitangazi tena shule kumi bora, lakini kasumba ile haijafa, ingawa "Elimu ya Kujitegemea" iliikemea tangu 1967. Sisi twasema: kwanza wahesabiwe walimu. Kiwango cha Serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Je, shule ya pembezoni inakipata sawa na ile ya jirani na boma, wasomako watoto wa watumishi? Mzazi mwenye uwezo humhamishia mwanawe bomani. Huko pembezoni kamati ya shule hupungukiwa na msemaji mmoja zaidi, na alama zikishuka hulaumiwa mwalimu.