Kipande cha Penseli

Mwalimu wa chekechea alichukua penseli mpya, ndefu, akaivunja vipande viwili. Mzazi aliyeketi kando yangu akaguna. Penseli ni pesa. Mwalimu wala hakugeuka. Alichonga kipande kimoja kwa wembe, akampa mtoto wa miaka minne ambaye hadi dakika ile alikuwa akiishika penseli kwa ngumi, kama anayetwanga. Kipande kile hakikuwa na nafasi ya ngumi. Vidole vikatafutana vyenyewe: gumba na shahada vikabana, cha kati kikaja chini kuegemeza. Kisha akamtilia punje ya harage kiganjani, aifumbate kwa vidole viwili vya mwisho. "Usiiangushe hiyo." Mtoto akatoa ncha ya ulimi, akachora duara lililopinda.

Nikamkumbuka babu na bao lake. Sisi watoto hatukucheza. Kazi yetu ilikuwa kupanga kete, komwe 64 za kijivu, laini kwa kushikwashikwa. Babu alizichota kwa mkupuo, akazifumbata kwa vidole vya nyuma, huku gumba na shahada vikiziachia moja moja, shimo hadi shimo, naye macho yako usoni kwa mpinzani. Tulipomwiga zilimwagika, tukacheka. Hakuna aliyetuambia kwamba tunajifunza kuandika. Wala bibi hakusema hivyo alipotupa ungo wa mchele tutoe mawe, au mahindi tupukuchue. Waliotutangulia katika chuo cha Kurani walikutana na ubao na kalamu ya mwanzi, na mwanzi haumbembelezi mwenye mkono mzito. Lakini nao walikwenda na vidole vilivyokwisha kufundwa nyumbani.

Siku hizi mchele unanunuliwa safi, na mtoto akilia hupewa simu. Kioo hakitaki kubanwa, kinataka kupapaswa tu. Halafu anafika miaka mitatu, mifupa ya kifundo cha mkono ingali gegedu kwa sehemu kubwa, tunamdai kurasa mbili za herufi kila jioni, na shule isiyotoa kazi hizo tunaiona legelege! Anayeshika vibaya hupigwa rula. Mdogo wangu alichapwa kwa kuandika kwa kushoto. Leo ni mtu mzima, anaandika kwa kulia, ameibana kalamu kana kwamba itaporwa.

Penseli ya mwanao ikifupika hadi kulingana na kidole chake, usiitupe. Ndiyo kwanza inaanza kumfaa.