Kwanza Upepo, Ndipo Mimea: Jinsi Bustani ya Tresco Ilivyojengwa

Mtu aliyekulia Tanga, akafika kisiwa cha Tresco mwezi wa Februari, atasimama ashangae. Tresco ni mojawapo ya Visiwa vya Scilly, kama kilomita 45 baharini kutoka ncha ya Cornwall, Uingereza, karibu kabisa na latitudo ya 50 kaskazini. Kwenye mteremko wa bustani yake wamesimama ndugu wa mkonge wenye majani mapana kuliko ya mkonge wa shambani. Shubiri za Afrika Kusini zinachanua wakati huohuo wa baridi, na eonio kutoka Visiwa vya Kanari zimejishikiza kwenye nyufa za kuta za mawe. Zote ziko nje, hazina paa la kioo wala jiko la kuzipasha joto.

Ukiuliza inawezekanaje, jibu la haraka ni bahari. Ni kweli kwamba maji ya Atlantiki yanayovizunguka visiwa hivi huzuia baridi kali, kiasi kwamba wastani wa Januari ni kama nyuzi 8 za Selsiasi na usiku wa kuganda ni wachache. Lakini bahari hiyohiyo ilikuwapo kabla ya 1834, mwaka ambao Augustus Smith alivikodi visiwa hivi kutoka milki ya Cornwall, na Tresco aliyoikuta ilikuwa na upara: karibu hakuna mti, ni majani mafupi na upepo wenye chumvi. Kwa hiyo bahari ilitoa nafasi tu. Kazi ilifanywa na watu, na mpangilio wa kazi hiyo ndio ninaoutaka tuuangalie.

Tuanze na mmea wenyewe. Jani nene ni ghala la maji. Mimea mingi yenye majani ya namna hii hufunga vitundu vyake vya kupumulia mchana na kuvifungua usiku, ili maji yasipotee juani. Hifadhi hiyo inayouokoa mmea jangwani ndiyo inayouponza kwenye baridi: maji yakiganda ndani ya jani, chembe hai hupasuka, na asubuhi jani huwa limelegea na kuwa jeusi. Mmea uliokaa mkavu majira ya baridi una utomvu mzito zaidi, na utomvu mzito huchelewa kuganda. Agave americana, ndugu wa mkonge, huweza kustahimili nyuzi kadhaa chini ya sifuri mizizi ikiwa mikavu. Mizizi hiyohiyo ikilowa kwa wiki nyingi huoza hata kama baridi si kali. Adui basi ni watatu: baridi, maji yaliyotuama na upepo. Bahari ilimshughulikia wa kwanza. Wawili waliobaki walikuwa juu ya Smith.

Alianza na upepo. Alijenga nyumba karibu na magofu ya nyumba ya watawa ya Mtakatifu Nikolasi, akatumia kuta zake za kale kama kinga ya kwanza, kisha akaotesha uleksi, kichaka cha miiba chenye maua ya njano kisichojali chumvi. Miti mirefu ilifuata: saiprasi na msonobari wa Monterey, kutoka pwani ya California. Wasomaji wa nyanda za juu za Kenya wanaijua miti hiyo, kwani nayo ilipandwa huko. Smith alipofariki mwaka 1872, mpwa wake Thomas Algernon Dorrien-Smith alirithi visiwa na kuupanua ukanda huo wa miti.

Kwa nini miti, na si ukuta mrefu zaidi? Upepo ukigonga ukuta hupanda juu, kisha huanguka upande wa pili ukizunguka kwa fujo, na mara nyingi hapo ndipo mimea inapochanika. Safu ya miti huuchuja. Sehemu ya upepo hupita kati ya matawi ikiwa imepungua nguvu, na utulivu unaopatikana huweza kuenea hadi umbali wa mara 10 au 20 ya kimo cha miti yenyewe. Matawi pia hunasa chumvi kabla haijaunguza majani ya ndani.

Maji yaliondolewa kwa mteremko. Matuta yalichongwa upande wa kilima unaotazama kusini. Tuta la juu ndilo kavu na lenye jua zaidi, kwa hiyo mimea ya Afrika Kusini na Australia iliwekwa huko, na ile inayopenda unyevu, kama ya New Zealand, ikawekwa chini. Hewa ya baridi, ambayo ni nzito, nayo huteremka usiku na kuyaacha matuta ya juu. Naona uzuri mkubwa katika uamuzi huu, maana mteremko mmoja ulifanya kazi mbili.

Kisha yakaja majaribio mawili makali. Januari 1987 theluji na baridi isiyo ya kawaida viliua takriban 80% ya mimea ya bustani. Miaka mitatu baadaye, Januari 1990, kimbunga kiliangusha sehemu kubwa kabisa ya ukanda wa miti.

Watu huyataja matukio haya pamoja, lakini kwa fundi wa bustani hayalingani. Eonio iliyokufa hurudishwa kwa urahisi: kata kichwa cha majani na kipande cha shina, kiache kivulini siku kadhaa hadi kidonda kikauke, kichomeke kwenye mchanga wenye changarawe, kitaota mizizi. Bustani nyingine, Kew ikiwamo, zilisaidia kuleta mimea upya, na matuta yakajaa tena. Mti wa kinga hauna njia ya mkato. Huchukua miongo kufikia kimo cha kufaa. Na hapa ndipo ninapoona udhaifu wa mpango wa karne ya 19. Miti mingi ilipandwa katika kipindi kimoja, ikazeeka pamoja, ikaanguka pamoja. Ukanda wa kinga unahitaji rika mbalimbali, kila kizazi kipandwe wakati kilichotangulia bado kina nguvu.

Anayeishi mbali na bahari hawezi kuiga Tresco nzima. Denver, Marekani, usiku wa Januari unaweza kushuka zaidi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Huko huchaguliwa mimea mingine: mpungate wa asili wa Amerika ya Kaskazini, au delosperma kutoka milima mirefu ya Lesotho. Kanuni ya maji, hata hivyo, haibadiliki. Kitanda huinuliwa kwa changarawe, na agave hupandwa ikiwa imeinama kidogo ili maji ya mvua yasikae katikati ya majani yake. Ukiongeza kioo juu ya mmea kuukinga na mvua, pande ziache wazi, hewa ipite.