Uchafu Husomwa Kwanza

Fundi hodari akishafungua injini hakimbilii petroli ya kuoshea. Huilaza silinda hedi juu ya meza, upande wa valvu ukitazama juu, akaikagua kwa muda ambao mwenye gari huuona mrefu kupita kiasi. Masizi yaliyoganda pale yana habari, na yakioshwa habari imepotea. Yakiwa makavu na meusi tititi, petroli inaingia nyingi kuliko hewa inayohitajika. Yakiwa na unyevunyevu wa oili, huenda ringi zimechoka, au oili inapenya kandokando ya valvu. Na ukiona pistoni moja imetakata ilhali wenzake watatu wamejaa masizi, huna sababu ya kufurahi: huenda gasketi imeachia, maji yakavujia humo, na mvuke ndio ulioisugua.

Ndiyo maana naiheshimu sana kazi hii ya kusafisha injini, ambayo katika gereji zetu nyingi huachiwa kijana aliyeanza kujifunza jana.

Chukua injini ya Peugeot 504, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1975 na kubeba abiria wa masafa marefu Afrika Mashariki. Bloku yake ni ya chuma, hedi ni ya aluminiamu. Ndugu wawili wasiooga maji mamoja. Bloku tupu huvumilia kostiki soda ya moto, inayoyeyusha grisi ya miaka mingi. Hedi ikitumbukizwa humo hutoa mapovu, hugeuka nyeusi na kuanza kuliwa. Hiyo huoshwa kwa mafuta ya taa na brashi laini, na mabaki ya gasketi hubanduliwa kwa kipande cha mti au plastiki, kwa subira, kwa sababu mkwaruzo wa bisibisi kwenye uso ule unatosha kuwa njia ya maji. Kisha huja rula ya chuma na fila geji, kupima kama uso wa hedi umenyooka: mafundi wengi hawapendi pengo lizidi milimita 0.05. Tena layna za injini hii ni za kuchomoka. Ukiondoa hedi ukazungusha krenki kabla ya kuzibana, layna huinuka na kuharibu mpira au gasketi ya chini, nawe ulitaka kusafisha pistoni tu.

Adui mkubwa ni pupa ya kung'arisha. Msasa na vile visahani vya kusugulia vinavyofungwa kwenye drili huacha vumbi gumu kuliko beringi za krenki. Likiingia kwenye njia za oili, injini inayometa kama mpya hufa mapema. Kwa hiyo njia zile husuguliwa kwa brashi nyembamba na maji moto ya sabuni, zikapulizwa kwa kompresa, zikasuguliwa tena, mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Papo hapo kuta za silinda hupakwa oili, maana chuma kitupu kilichooshwa hushika kutu kabla hujamaliza kunawa mikono.

Rangi huja mwisho, nayo iwe ya kustahimili joto, nyembamba, kwa nje tu. Nyuso za kukutania huzibwa kwa utepe wa karatasi wenye gundi zisiguswe. Alama za kalibu upande wa nje wa bloku, vile vipele vya tangu kiwandani, mimi naona ni vyema ziachwe kama zilivyo.