Ndugu Laurent, Mpishi Aliyezoeana na Mungu



Jioni moja, baada ya mafundisho ya wakatekumeni, mama mmoja mzee alibaki nyuma. Wenzake walikuwa wamekwisha toka. Akaniambia: "Mwalimu, unatufundisha vizuri maneno ya kumwambia Mungu. Lakini wewe mwenyewe, ukikaa naye, mnazungumza nini?" Nikacheka kidogo, nikamjibu: "Mama, tutaendelea juma lijalo." Akaniaga kwa heshima, akaenda zake.

Sikumjibu kwa sababu sikuwa na jibu. Nimesoma miaka kadhaa katika seminari. Najua kueleza sala ya kuabudu, ya kushukuru, ya kutubu na ya kuomba. Napiga kengele, naongoza rozari, natayarisha watoto kwa Komunyo ya kwanza. Lakini kukaa na Mungu pasipo watu wa kunisikiliza, hilo nilikuwa nimeliacha, wala sikujua niliacha siku gani. Nilimfahamu Mungu kama karani anavyomfahamu mkubwa wake: nilijua maagizo yake, sikujua moyo wake.

Kwa sababu hiyo nataka leo kusema juu ya kitabu kidogo cha Kifaransa kiitwacho La Pratique de la présence de Dieu, maana yake mazoezi ya kukaa mbele ya Mungu. Nilikisoma zamani seminarini, upesi upesi. Baada ya swali la mama yule nikakisoma tena polepole. Kina mazuri mengi. Tena pana mahali ambapo msomaji aweza kupotea. Yafaa niseme yote mawili.

Kwanza tumjue mtu mwenyewe. Nicolas Herman alizaliwa yapata mwaka 1614 katika nchi ya Lorraine, ambayo leo ni sehemu ya Ufaransa. Alikuwa askari wakati wa Vita vya Miaka Thelathini, akajeruhiwa, akabaki kilema. Baadaye akawa mtumishi nyumbani mwa bwana mmoja. Yeye mwenyewe alisema alikuwa mtumishi mzito, wa kuvunja vyombo. Mwaka 1640 akaingia kwa watawa Wakarmeli wa Paris, akapewa jina la Ndugu Laurent wa Ufufuo. Hakuwa padri. Walimtia jikoni, akapika kwa muda wa miaka 15 hivi. Kisha akatengeneza viatu vya watawa. Akafa mwaka 1691.

Hata kitabu hakukiandika yeye. Padri mmoja, Joseph de Beaufort, alikuwa akimtembelea tangu mwaka 1666. Aliandika maongezi yao, akakusanya barua zake na mashauri yake, akayatoa katika miaka 1692 na 1694, mwenyewe akiwa amekwisha kufa. Ndiyo maana kitabu hakina mpango. Jambo moja linarudiwa mara tano, mara sita. Anayetafuta ngazi ya kupanda hatua kwa hatua, kama katika vitabu vya mafungo, hataiona hapa. Kwangu mimi kosa hilo ni dogo. Mzee akizungumza na mgeni jikoni hapangi sura na vifungu.

Basi, asema nini? Neno lake ni moja: Mungu yupo hapa, nasi twaweza kuzungumza naye wakati wowote, katika kazi yoyote, kwa maneno machache au pasipo maneno. Wazee husema mazoea yana taabu, maana jambo likikwisha kuingia katika mazoea, kulitoa ni kazi kubwa. Ndugu Laurent alitaka Mungu mwenyewe awe mazoea yake ya namna hiyo. Akigeuza yai katika kikaango, aligeuza kwa kumpenda Mungu. Akiokota unyasi chini, vilevile.

Tusidhani alipenda jiko. Kitabu chasema wazi kwamba kwa tabia yake alilichukia sana. Tena alitumwa mbali, mpaka Bourgogne, kununua divai ya watawa, naye hakuwa hodari wa biashara; na katika mashua, kwa ajili ya ule mguu, ilimbidi kujivingirisha juu ya mapipa apate kupita. Haya ndiyo mambo yanayonipendeza katika kitabu hiki. Wengi wetu twangoja kazi nzuri, nyumba yenye utulivu, watoto waliokwisha kukua, ndipo tuanze kusali vizuri. Ndugu huyu alianzia mahali asipopapenda.

Jambo la pili ni kuanguka. Alipomsahau Mungu kwa muda, au alipokosa, alikiri kosa lake mara moja, akamwambia Mungu kwamba akiachwa peke yake hataweza kutenda vingine. Kisha akarudi kazini bila kujitesa moyoni. Hapo natambua dawa ya ugonjwa wangu. Mimi nikikosa kusali siku tatu, siku ya nne naona haya, nakimbia. Mtoto aliyevunja mtungi halali nje ya nyumba mpaka apate mtungi mwingine. Anarudi kwa mama yake akiwa na vigae mkononi.

Sasa niseme penye hatari. Wako watu watakaosoma kitabu hiki na kusema: "Kumbe Mungu yuko jikoni. Basi Misa ya nini? Kanisa la nini?" Na kweli kitabu chatoa nafasi ya kusema hivyo. Chasema kidogo sana juu ya Sakramenti. Ndugu Laurent atuambia kwamba kwake saa ya sala haikutofautiana na saa ya kazi, na kwamba alikwenda faraghani kusali kwa sababu mkubwa wake aliamuru. Lakini tukumbuke: mtu huyu alikuwa mtawa. Kengele ilimwamsha, Misa, sala za jumuiya, ukimya na utii vilizunguka siku zake zote. Hakuvitaja sana, kama samaki asivyotaja maji. Asiyekuwa na maji hayo asijidanganye. Tena yale ya kuona saa zote kuwa sawa yalikuwa matunda ya miaka mingi. Sisi tungali tunapanda. Anayeanza, na atenge saa yake, atenge mahali pake, apige magoti.

Hatari hiyo si neno la kubuni. Miaka michache baada ya kifo cha Ndugu Laurent palitokea ubishi mkubwa Ufaransa juu ya mafundisho ya wale waliosema roho ikae kimya tu mbele ya Mungu, isijisumbue tena hata kwa wokovu wake. Askofu Fénelon, aliyemjua Ndugu Laurent na kumheshimu, aliandika kitabu juu ya mambo hayo, na mwaka 1699 Papa Innocent XII alikataza maneno 23 yaliyomo. Mpishi wetu hakuhukumiwa. Lakini jina lake liliingizwa katika ubishi ule, na Wakatoliki wengi wa Ufaransa walikiacha kitabu chake kwa muda mrefu, huku Waprotestanti wakikipenda. Nadhani haikuwa haki. Mtu aliyepika, aliyenunua divai, aliyeshona viatu kwa ajili ya wenzake, hakufundisha uvivu wa roho. Alifuata njia ya utawa wake. Mtakatifu Teresa wa Avila, aliyetengeneza upya utawa wa Karmeli kule Hispania katika karne ya 16, alikwisha kueleza kwamba sala ni urafiki, ni kukaa mara nyingi faraghani na yule tunayejua kwamba atupenda. Naye pia aliwakumbusha masista wake kwamba Bwana yumo kati ya vyungu.

Lakini liko neno moja ambalo ningetaka Ndugu Laurent alitamke, naye hakulitamka vya kutosha. Mazoea ni ya namna mbili. Watu wa Nazareti walizoeana na Yezu karibu miaka thelathini. Walimwona kisimani, walimwona katika karakana, walimjua mama yake na ndugu zake. Hakuna watu waliokaa naye muda mrefu kama wao. Na aliposimama katika sinagogi, walichukizwa naye, wakataka kumtupa chini ya mlima. Wanafunzi wawili wa Yohane Mbatizaji walimwuliza Yezu anakaa wapi, wakaenda, wakashinda kwake siku ile moja tu. Mwinjili hakutuambia walizungumza nini. Ametuambia saa, kwamba ilikuwa yapata saa kumi. Na mmoja wao, Andrea, akaenda kumwambia Simoni ndugu yake kwamba wamemwona Masiya.

Miaka thelathini kwa hawa, siku moja kwa wale. Tofauti ni nini? Watu wa Nazareti walidhani wamekwisha mjua. Wale wawili walikuja kuuliza. Basi muda peke yake hautukaribishi kwa Mungu. Sisi makatekista, na watumikiaji wa altare, na waimbaji, na wale wanaofagia kanisa, tunagusa vitu vitakatifu kila siku. Twaweza kuwa watu wa Nazareti ndani ya parokia yetu. Mkono wazoea kalisi, moyo wamsahau Bwana. Nilipokuwa nimefika hapo, hakuna aliyeniona, maana rozari ilikwenda sawasawa na kengele ilipigwa kwa wakati. Yule mama peke yake aliona.

Nasi hapa Kongo tunaye mtu wa kututhibitishia jambo hili. Mwenye Heri Isidore Bakanja, kijana wa Equateur, alibatizwa mwaka 1906. Alifanya kazi ya kusaidia waashi, kisha akawa boi nyumbani mwa Mzungu katika shamba la mpira. Alivaa skapulari ya Karmeli, ile ile ya utawa wa Ndugu Laurent, akasali rozari kazini, akawaeleza wenzake habari za Mungu. Mkubwa wa shamba alimwamuru aivue skapulari, akakataa. Alipigwa mjeledi vibaya hata mgongo ukaoza, akafa katika mwezi wa Agosti, mwaka 1909, akiwa amemsamehe aliyemwumiza na kuahidi kumwombea. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri tarehe 24 Aprili 1994.

Hesabuni miaka: tangu ubatizo mpaka kifo ni mitatu tu. Hakupata miaka arobaini ya Ndugu Laurent na zaidi, wala ukuta wa monasteri. Lakini alikaa na Mungu katika nyumba ya bwana wake, akifua na kupangusa, na saa ya mateso ilipofika hakuhitaji kumtafuta Mungu mbali. Mtu hamwiti usiku wa hatari jirani ambaye hakumwamkia mchana.

Basi, ndugu msomaji, hukumu yangu ni hii. Kitabu cha Ndugu Laurent ni chema. Ajuaye Kifaransa akisome, nacho ni kifupi. Asiyejua amwombe mwenzake amsimulie. Lakini akisome akiwa na Injili karibu, akisome baada ya Misa, wala si mahali pa Misa. Na asione huzuni kama haonji utamu upesi. Mpishi huyo mwenyewe asimulia kwamba aliteswa sana moyoni muda wa miaka kumi ya kwanza. Msomaji wa haraka huruka mstari huo, naye ndiye anayeuhitaji kuliko wote. Miaka kumi alikaa karibu na Mungu akidhani yuko mbali.

Mimi nimeanza na robo saa. Kabla ya kupiga kengele ya asubuhi naketi kanisani, katika benchi la nyuma, bila kitabu. Siku nyingine nasinzia. Siku nyingine nawaza bei ya unga na karo ya watoto. Basi namwambia Mungu bei ya unga na karo ya watoto. Mama yule aliporudi juma lililofuata, nilimwambia kweli: "Mama, uliniuliza nikakukimbia. Sikuwa na la kukujibu. Sasa naanza kujifunza." Akatikisa kichwa, akasema: "Mwalimu, mimi nikipepeta mchele namwambia habari za wajukuu. Sijui kama ni sala."

Nikamwambia ni sala. Kisha nikamwomba aniombee.